Samaki Ilibaki mu Nyungu

Ninyi mnaoanza kazi ya lishe, siku ya kwanza mtapewa affiche, bango la kubandika ukutani. Najua, maana na mimi nilipewa. Yangu ilikuwa na kuku mzima juu ya sahani, kipande cha jibini, na tunda jekundu linalong'aa. Nilipoibandika ukutani, mama mmoja aliisogelea, akaikagua, akaniuliza, "Mama infirmière, hii nyanya inatoka wapi? Haina hata kidonda kimoja." Ilikuwa pomme, yaani tufaha. Mimi mwenyewe pomme nimeila mara mbili maishani, na mara zote mbili ilikuwa kwenye harusi za watu wenye maduka.

Naitwa Kavira, muuguzi. Nilifanya kazi hiyo Masereka, kisha Beni, na sasa nimepumzika hapa Butembo kwa sababu magoti yamekataa vilima. Vijana wakija kunisalimia wananiomba niwasimulie habari za risasi na kukimbia. Hizo kila mtu wa huku anazo. Jambo lililonishtua kuliko yote, ambalo mpaka leo nikilikumbuka naweka kikombe chini, lilitoka mdomoni mwangu mwenyewe, mchana, mbele ya akina mama waliokuwa wananipigia makofi.

Masereka ndiko nilikojifunza kuchekwa. Nilipanda huko na affiche yangu kuwafundisha watu faida ya choux, yaani kabichi, na karoti. Mzee mmoja, mkulima, alinisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akanionyesha bonde lote lililo chini yetu: choux, karoti, viazi, vitunguu, mpaka macho yanachoka. Lori lilikuwa linapakia. Akasema, "Binti, hizo unazotufundisha, sisi njo tunazituma kwenu." Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Lakini nilipowapima watoto wao siku ile, nilikuta miguu iliyovimba, dalili ya utapiamlo, katika nyumba tatu. Mayai yalikuwa yanashuka mjini, maharagi yanashuka, na mtoto wa mwenye shamba anakula bugali na majani bila mafuta. Nilirudi nyumbani nimeduwaa. Nilidhani shida ni watu kutojua. Basi nikaapa nitafundisha kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, maana mtu anayefundisha kwa nguvu hana nafasi ya kuangalia.

Walinihamishia Beni, kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Mulekera. Kila Jumanne ilikuwa siku ya pesée: tunapima watoto uzito, tunawavisha mkononi ile ruban ya rangi tatu, kijani, njano, nyekundu, kisha tunapika chakula kimoja mbele ya akina mama ili waone.

Mpishi wetu alikuwa Mama Zaina, mjane Mwislamu ambaye marehemu mume wake alikuwa msafirishaji wa barabara ya Kasindi. Hakuwa amesoma, lakini sijawahi kuona mtu anayejua kuilisha nyumba kwa kitu kidogo kama yeye. Yote ninayojua ya jikoni nilimwibia yeye. Maharagi aliyaloweka tangu jana yake, akamwaga yale maji, na makala, yaani makaa ya kupikia, zikatosha kwa nusu. Soya aliikaanga kavu mpaka inukie kama karanga ndipo aisage, maana soya mbichi inaharibu tumbo la mtoto. Lenga-lenga, mchicha wetu, aliipanda ndani ya magunia yaliyotoboka, kando ya mlango. Sombe, majani ya muhogo, hakuitoa motoni kabla ya kutia karanga zilizotwangwa. Mama akilalamika kwamba hana uwezo wa nyama, Zaina alimtazama mtoto aliyeshika biskuti na chupa ya sucré, yaani soda, akasema tu, "Na hiyo uliipata kwa bure?"

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Mama Gloire. Mume wake, Mwalimu Kalala, alitumwa kufundisha kwetu kutoka Kasai, na yeye alimfuata na watoto watatu, Gloire akiwa mdogo wao, miaka miwili. Swahili yake ilikuwa bado changa, imechanganyika na Lingala, lakini akili yake ilikuwa moto. Nikiuliza, "Chakula cha kujenga mwili ni kipi?" mkono wake unatangulia: "Maharagi, samaki, yai, soya!" Anasimama, anataja bila kukosea, kama mtoto wa katekisimu. Nilimpenda. Wageni wakubwa wakija kutembelea kituo, nilimkalisha mbele.

Na Gloire alikuwa anapungua.

Kwanza ruban ilisema kijani. Baadaye njano. Nilimpa mtoto dawa ya minyoo. Nikamuuliza mama, "Unapika nini?" Akajibu sawa kabisa. "Samaki mnapata?" "Tunapata, mama, ndagala, mara tatu kwa juma." "Gloire anakula?" "Anakula na mingi!" Jumanne nyingine ruban ikagusa mwanzo wa nyekundu. Nikaanza kumwazia mabaya. Labda anauza chakula. Labda anakunywa. Titulaire, yule muuguzi mkuu wetu, alinong'ona, "Angalia, bale ba kwa mbali banafichaka mambo." Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali.

Siku moja, bila kutoa habari, nilipanda moto, yaani pikipiki, saa sita za mchana nikaenda kwake.

Nilimkuta ndiyo anaandaa. Nyumba ilikuwa safi, watoto wamenawa mikono. Alifurahi kuniona mpaka akapiga makofi. "Mama infirmière! Ingia, uone vile tunafuata!" Chini palikuwa na nyungu ndogo ya ndagala, wale samaki wadogo wa kukaushwa, zimepikwa na nyanya na kitunguu, mafuta ya mawese yanaelea juu. Bugali imefunikwa. Nilijisikia vibaya kwa yale niliyomwazia. Mwanamke huyu alikuwa anafuata somo langu hatua kwa hatua.

Akaanza kugawa. Sahani ya kwanza, ya baba: bugali na ndagala zote nzuri, akaifunika na sahani nyingine. Sahani ya pili, ya watoto wakubwa wawili: bugali na ndagala chache zilizovunjika. Kisha akachukua bakuli dogo la Gloire. Akaweka bugali, akaibonyeza katikati kwa kidole, na kwa uangalifu, kama mtu anayemimina dawa, akajaza mchuzi mwekundu. Mchuzi peke yake. Ndagala moja ilipoingia kwenye kijiko, aliirudisha mu nyungu.

"Mama Gloire," nikasema, "samaki ya Gloire iko wapi?"

"Njo hii." Akaonyesha bakuli.

"Naona mchuzi."

"Ndiyo. Nguvu yote inaingiaka mu mchuzi. Samaki yenyewe inabakia miba tu." Akanitazama kwa furaha, akingoja nimsifu. "Weye mwenyewe ulitufundisha, mama. Nakumbuka hata siku."

Na mimi nilikumbuka siku. Ndagala za mafundisho zilikuwa kidogo, akina mama walikuwa wengi, na wengine walinung'unika kwamba hawana hata hizo. Nilitaka kuwatia moyo. Nikasema, "Musihuzunike. Hata mchuzi ya samaki iko na nguvu." Walipiga makofi. Na kwa vile walipiga makofi, Jumanne iliyofuata nililirudia, na nyingine tena, mpaka likawa kama wimbo. Sikuwaambia kwamba mchuzi ni maji na mafuta na harufu, na kwamba kinachomjenga mtoto kinabaki ndani ya samaki mwenyewe. Niliacha neno tamu litembee peke yake.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Gloire alikuwa kwenye mkeka. Nywele zake, nikiangalia sasa kwa macho ya kuangalia, zilikuwa zimegeuka rangi ya vumbi. Nikashika mguu wake, nikabonyeza juu kwa dole gumba, nikatoa. Kishimo kilibaki. Nilibonyeza mguu wa pili. Kishimo kikabaki pia. Mtoto alikuwa amevimba, sisi tulidhani amenenepa miguu.

Mwalimu Kalala aliingia wakati huo, chaki bado kwenye kola ya shati. Alinisalimia kwa heshima, akafunua sahani yake, kisha akaona uso wangu.

"Kuna nini, mama?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, pamoja na sehemu yangu. Alitazama sahani yake, akatazama bakuli la mtoto, kisha akamwuliza mke wake polepole, "Donc siku hizi zote, mimi nakula samaki na mutoto anakula maji?"

"Baba Gloire, weye unatembea mbali kwenda masomo," mke wake alisema, na sauti yake ikaanza kuvunjika. "Na jirani alisema mutoto akizoea nyama atakuwa mwizi. Na miba... niliogopa miba. Na mama infirmière alisema."

Hakumpigia kelele. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angepiga kelele. Alisukuma sahani katikati, akasema, "Hakuna mutu aliniuliza. Ningejua, ningekataa." Kisha akanigeukia, na swali lake bado linanichoma: "Mama, ni bamama bangapi ulifundisha vile?"

Nilianza kuhesabu Jumanne kwa vidole, vidole vikaisha.

Tulimpeleka Gloire hospitali palepale, yeye na mama yake kwenye moto moja, mimi na mwalimu kwenye nyingine. Daktari alisema tumemleta siku ambayo bado inawezekana. Sikilizeni, wanangu: mtoto aliyevimba miguu hatibiwi kwa kumshindilia samaki nyumbani, anapelekwa kwa daktari, na maziwa yake anapewa kwa kipimo. Alikaa huko majuma matatu. Mara mbili alilegea mpaka tukaita padri. Mama yake alikuwa ananitazama kila nikiingia, na katika macho yake sikuona hasira. Niliona mtu aliyechanganyikiwa, kama mwanafunzi aliyeandika majibu yote sawa na bado akapewa sifuri. Siku uvimbe ulipotoka na Gloire akamsukuma nesi kwa hasira, akilia kwa nguvu, sote wawili tulitoka nje tukalia pia.

Mwalimu Kalala ndiye aliyenionyesha cha kufanya. Tulikuwa kwenye baraza la hospitali. "Mama Kavira, usikasirike. Mimi ni mwalimu. Weye unauliza: mumeelewa? Banajibu: ndiyo! Hiyo si kujua, ni kuimba. Kesho usiulize kitu. Bape nyungu, bape sahani, uone."

Kesho yake, Jumanne, sikufundisha. Mama Zaina alipika ndagala na nyanya, bugali, na lenga-lenga. Nikaweka meza ndefu, nikasema, "Leo kila mama amupakulie mutoto wake vile anafanyaka ku nyumba. Mimi sitasema kitu." Walicheka, wakadhani ni mchezo. Wakapanga foleni.

Mama wa kwanza akapakua bugali, akaibonyeza, akajaza mchuzi. Wa pili, mchuzi. Wa tatu alikuwa mke wa askari, akaweka ndagala moja, akawatazama wenzake, akaona aibu, akairudisha. Mchuzi. Nilisimama mwisho wa meza nikiona mabakuli yanajipanga, moja baada ya jingine, yote mekundu, yote yanapendeza. Wanne tu kati ya wote waliokuwapo walimwekea mtoto samaki. Tulipomaliza, nilifunua nyungu. Ndagala zilikuwa zimejaa chini karibu kama Zaina alivyozipika.

Nilimgeukia Zaina. Yeye hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naonaka kwao," alisema, akifuta mikono kwenye kitambaa.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilizani ni dawa ya mupya. Weye njo uko na diplôme, mama. Mimi niko mupishi. Nitakukosoa mbele ya batu?"

Vijana, hapo nilipigwa mara ya pili. Miaka ile yote nilikuwa nachukua maarifa yake ya kukaanga na kuloweka, na sikuwahi kumwuliza hata mara moja, "Zaina, mimi nafundisha sawa?"

Titulaire alikuwa amenionya. Alisema nikikiri kosa, akina mama hawatarudi kwenye pesée, na tutapoteza hata wale wa chanjo. Neno lake lilikuwa na uzito, sikulidharau. Lakini mabakuli yalikuwa mezani. Nikasema, "Bamama, nilibadanganya. Hapana kwa kutaka, lakini nilibadanganya. Mchuzi haina nguvu ya samaki. Nguvu iko mu samaki yenyewe, na vichwa, na mifupa. Mutoto anapashwa kula samaki."

Walitazamana. Kisha minong'ono. Kisha nyuma kabisa akasimama mwanamke mmoja, Mama Kanyere, muuza makala, mtulivu, ambaye hata sauti yake sikuijua vizuri. Mgongoni alibeba mtoto wa miezi saba.

"Na yule wangu?" akasema.

Sikuelewa.

"Yule nilizika mu wakati wa mvua. Alivimba miguu. Nilikuwa namupatia mchuzi, kila siku. Nilikuwa namupatia na mingi."

Watu wote walinigeukia. Ningeweza kusema kulikuwa na surua msimu ule, na ni kweli ilikuwepo. Ningeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Mama Kanyere alingoja. Kisha akafunga kitenge vizuri, akatoka. Karibu nusu ya akina mama walimfuata.

Jumanne iliyofuata walikuja wachache, kama titulaire alivyosema. Ilichukua miezi kuwarudisha, nyumba kwa nyumba, na haikuwa mimi peke yangu: Zaina alitembea mbele, mimi nyuma, na yeye ndiye aliyesema. Alibeba kinu kidogo. Ndagala anakaanga kavu, anatwanga na vichwa na mifupa mpaka unga laini, anauchekecha, na unga huo unaingia kwenye uji au bugali ya mtoto. Mwiba hakuna, na mwizi hakuna. Mwalimu Kalala alizungumza na akina baba baada ya ibada, kwamba mtoto awe na sahani yake mwenyewe, na sahani hiyo ipakuliwe ya kwanza. Baadhi walimcheka. Wengine walikwenda nyumbani wakafanya.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumapili ileile baada ya misa, nilikwenda kwa Mama Kanyere. Nilikwenda mikono mitupu, kwa kuwa kila kitu nilichofikiria kubeba kilionekana kama malipo. Nilimkuta nje, anachambua lenga-lenga. Hakuniambia nikae. Nilikaa juu ya jiwe.

"Sijui," nikamwambia. "Sijui kama ni maneno yangu njo yaliua mutoto wako. Inaweza kuwa. Nimekuja kukuambia ile tu."

Aliendelea kuchambua. Jua lilikuwa kali. Mtoto wake wa miezi saba alikuwa amekaa kwenye kitenge, anatafuna kidole chake.

Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na huyu? Huyu nimupatie nini?"

Wanangu, mimi niliyekuwa na majibu tangu Masereka, niliogopa. Niliogopa neno lolote litakalotoka mdomoni mwangu. Badala ya kujibu nikauliza, "Uko na nini mu nyumba?"

Akafikiri. Maharagi ya jana, kikombe kimoja. Unga ya bugali. Mafuta ya mawese, kidogo. Ndagala, ngumi moja. Avoka moja, ambayo jirani alimpa. Na hizo lenga-lenga.

"Basi iko," nikasema.

Tulipika pamoja. Nilizitwanga ndagala mwenyewe, naye akayasukuma maharagi kwenye kichungio mpaka maganda yakabaki juu. Uji ulipochemka tukatia maharagi yale, unga wa ndagala, lenga-lenga zilizokatwa ndogo kabisa, na kijiko cha mawese. Aliuonja yeye kwanza. Akauonja tena. Kisha akamweka mtoto mapajani.

Kijiko cha kwanza mtoto alikitema. Cha pili alikishika mdomoni, akakunja uso. Cha tatu akameza, akafungua mdomo, akalia kwa sababu cha nne kilichelewa. Mama Kanyere aliendelea kumlisha mpaka bakuli likaisha, machozi yanamshuka bila sauti.